Geuza Jani Kabla ya Kupulizia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Tlawi hatujambo. Babu yako amevuna maharage na ng'ombe mweupe amezaa.

Unaogopa kupoteza stroberi zako za kwanza kwa wadudu, unauliza upulizie dawa gani. Hata mimi niliwahi kuwa na haraka hiyo. Nilipokuwa binti nilikuta vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa kwenye stroberi za mama, pamoja na wadudu wekundu wenye madoa meusi. Nikachukua dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, nikapulizia bustani nzima.

Mama akaja. "Haya, kupe wamekufa?"

Nikabisha, kama kawaida yangu: "Mdudu ni mdudu!"

"Hao wekundu walikuwa wanakula vidukari. Na haya matunda yenye dawa, utakula wewe?"

Tukayafukia yote. Vidukari walirudi upesi, wekundu hawakuonekana tena msimu ule.

Mpaka leo nabishana na kila mtu, ila hilo silibishi. Vidukari wapanguse kwa vidole, uoshe majani kwa maji. Wekundu waache wale. Picha uliyotuma inaonyesha jani kwa juu tu, na vidukari hujificha chini yake. Ligeuze, kisha uniambie umemkuta nani.

Bibi yako anayekupenda