Kwa Nini Dada Alikuachia Mtoto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji sasa kinakuacha ulale. Sisi huku tunakula na tunapumua, tunamshukuru Mungu. Kidoti hajambo. Jino la mbele limeng'oka, kwa hiyo kila neno lenye "s" linatoka na filimbi, naye ameshajua kwamba linatuchekesha, basi anatafuta maneno ya hivyo kwa makusudi.

Uliponipigia simu juzi uliniuliza jambo, nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa na kosa. Mtoto alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Uliuliza imekuwaje Dada akuachie mtoto wewe, kapera wa chumba kimoja unayechemsha mayai asubuhi na jioni, wakati mimi mama yake mdogo niko hapa hapa na ndiye ninayemsuka nywele. Nitakujibu, ila niruhusu nianzie mbali kidogo.

Unamkumbuka shemeji. Akiambiwa aandike wosia alicheka, akasema bado hajachoka kuishi. Alipofariki, ndugu zake walikuja na lori. Walibeba kabati, wakabeba cherehani, wakabeba hata godoro alilofia. Dada alitoka na mtoto mgongoni, akaanza upya kwa kioo kimoja na viti vya plastiki, mpaka saluni ikasimama na kibanda kikawa chake kwa hati. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba saratani ya titi imeshasambaa, hakulia. Aliuliza wakili mzuri anapatikana wapi. Daktari wa watu alishtuka, akidhani anataka kumshtaki.

Karatasi yake ya wosia alikuwa ameshaiandika nyumbani. Wakili, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimweleza kwa upole kwamba ikikosa mashahidi watu wataivuta huku na huku. Atie sahihi mbele ya watu wawili wasiorithi chochote, wote wakiwepo, nao watie zao palepale. Amtaje msimamizi, amtaje na mlezi wa mtoto, na huyo mlezi asishtukizwe. Ndiyo ile simu aliyokupigia akakuuliza kama kweli unampenda Kidoti, nawe ukajibu kwamba unampenda kuliko mshahara. Wewe ulikuwa unatania. Yeye alikuwa anakuuliza.

Siku yenyewe saluni ilifungwa mchana. Wakili alikaa chini ya mashine ya kukaushia nywele kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Mashahidi walikuwa fundi viatu wa jirani na mwalimu mstaafu, mteja wake wa zamani. Fundi alinawa mikono mara mbili kwa kuogopa kuacha gundi kwenye karatasi. Dada alijifunga kilemba, akapaka rangi ya mdomo, akasema msusi asiye na nywele ni tangazo baya la biashara. Kisha akaniomba mimi nitoke nje.

Kaka, iliniuma. Mimi niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha! Nilikaa kizingitini nikiwasikia wakicheka ndani, nikajiambia kwamba ananiona kama wale wa lori. Jioni niliosha masufuria kwa kuyabamiza. Aliniacha nibamize mpaka nikachoka, ndipo akaniita nikae kitandani. Akaniambia nilitolewa kwa sababu saluni ameniachia mimi, na anayerithi hafai kuwa shahidi. Nikaona aibu. Halafu akaniambia kwamba mtoto amekuachia wewe, na aibu yangu ikaishia hapo. Nilimuuliza kwa ukali nimemkosea nini.

Aliweka mkono wake kifuani mwangu, upande wa kushoto, mahali palepale.

"Hiki nacho umekificha tangu lini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekigusa nikioga, kijivimbe kama punje ya mahindi, nikakinyamazia. Nani angemuuguza yeye kama na mimi ningelala? Lakini alikuwa ameona ninavyovaa nguo nikimpa mgongo, na jinsi nilivyoacha kulalia ubavu ule. Nililia kwa sauti. Yeye alinishika tu kichwa kama nilipokuwa mdogo.

"Mwanangu asizike mama mara mbili," akasema. "Ukipona, atakuwa na wewe na mjomba wake. Atakuwa amepoteza nini?"

Alinikokota kwenda kupima, yeye aliyeshindwa kupanda ngazi za hospitali bila kupumzika. Majibu yalitoka wiki moja kabla hajatuaga. Ndilo hilo, kaka. Ninao ugonjwa wake. Siku ya mazishi nilitaka kukuambia, nikakuona ulivyokuwa unatetemeka karibu na kaburi, nikashindwa.

Ndugu za shemeji walikuja tena baada ya matanga. Safari hii wakili aliwasomea wosia, wakasikiliza, wakauliza hili na lile, wakanywa chai, wakaondoka mikono mitupu. Natamani Dada angewaona.

Nitapasuliwa mwezi ujao. Daktari anasema wamewahi. Kuna siku namwamini, na kuna siku nasimama katikati ya kusuka kichwa cha mtu nisijue nilifika wapi. Na mimi nimeandika wosia: saluni iende kwa Kidoti, wewe uwe msimamizi. Fundi viatu alitia sahihi tena, akajifuta macho kwa kitambaa chake cha rangi ya viatu, akaondoka na uso mweusi tii. Akasema amechoka kuwa shahidi wa nyumba hii.

Usinipe pole kwa simu. Njoo. Mtoto hajui lolote, nami siwezi kumwambia peke yangu. Nataka tumwambie umekaa upande mmoja na mimi upande wa pili. Na ukija nitakufundisha kumsuka, maana ana kichwa chepesi cha kuuma na atakupigia kelele.

Wasalimie wenzako wote wa kazini. Kidoti anakusalimia kwa filimbi zake zote.

Barua zangu zote nilikuwa naandika mwishoni "kitinda mimba wenu". Leo nimeandika hivyo, nikafuta.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.