Sahihi ya H. Merali

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanabaraka Mwadini Faki
Umri: Miaka 43
Kazi: Muuguzi aliyesajiliwa, nyumba ya kutunzia wazee
Makaazi: Kingsbury, London
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Tarehe: 20 Novemba 2025

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimezaliwa Chake Chake, Pemba, na kazi ya uuguzi hapa Uingereza nimeifanya miaka kumi na sita. Nimeomba kusema kwa Kiswahili kwa sababu mazungumzo yangu yote na Bwana Zahid Merali yalikuwa ya Kiswahili, na nachelea maneno yake yasije yakageuzwa.

Leseni yangu huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Miongoni mwa masharti ni kukaa na muuguzi mwengine aliyesajiliwa, ukamweleza mambo matano ya kazini yaliyokufunza kitu, naye akatia sahihi na namba yake ya usajili. Mwenzangu niliyezoea kukaa naye alihamia Scotland, na meneja wetu si muuguzi. Nishma, tunayefanya naye kazi, akaniambia kuna mzee mmoja muuguzi mstaafu, hukaa mkahawani Kingsbury Road na kuwasaidia wauguzi bila ya malipo. "Ila jiandae," akasema. "Anauliza."

Mnamo tarehe 8 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, nilifika mkahawani hapo. Bwana Merali alikuwa meza ya dirishani, amevaa koti na tai. Nilimwamkia kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kiswahili safi. Alikulia Wete, na baba yake alikuwa na duka huko. Alisema, "Sista, anza popote. Usisome. Nihadithie."

Nilimhadithia mambo manne, akawa ananisikiliza bila kuangalia saa wala simu. La tano lilihusu mkaazi mmoja wa nyumba yetu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ni siri ya mgonjwa. Ni mzee aliyepungukiwa kumbukumbu. Kila asubuhi tukimpelekea taulo na maji alikuwa akipiga kelele, na siku moja alimpiga kofi msaidizi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba tukio lile limenifunza subira.

Bwana Merali aliniuliza, "Alikataa maji, au alikataa asubuhi?"

Nilisema sijui. Akasema, "Basi hatujamaliza. Njoo ukishajua." Hakutia sahihi.

Nilitoka nimeudhika kidogo, maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku ile. Lakini swali lilinikaa kichwani. Siku ya pili nilimpigia simu binti wa yule mkaazi, nikamuuliza baba yake alikuwa akifanya kazi gani. Akaniambia alikuwa akisafisha ndege eapoti, zamu ya usiku, maisha yake yote. Asubuhi alikuwa anarudi kulala, na jioni ndipo akioga kabla ya kutoka. Tukahamisha kuoga kwake baada ya chai ya alasiri. Siku ya kwanza aliinua mikono mwenyewe nimvue shati, akaniuliza kama gari la kazini limeshafika. Nilimwambia bado. Akaoga.

Tarehe 15 Oktoba nilirudi mkahawani nikamweleza. Bwana Merali alifumba macho kidogo, kisha akatia sahihi. Alinitajia namba ya usajili kwa moyo na kuniambia jina niandike H. Merali. Afisa wa polisi ameniuliza kwa nini sikuihakiki namba ile kwenye orodha ya wauguzi. Wakati huo nilimjua kwa jina la Merali tu, nikadhani H ni jina lake la kwanza. Na kusema kweli, mtu aliyeuliza swali kama lile haikunijia kwamba huenda si muuguzi.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, mwanamke mmoja wa baraza la wauguzi alinipigia simu. Aliniuliza nilizungumza na nani. Nikasema Bwana Merali. Akasema mwenye namba ile ni mwanamke, Hina Merali, na usajili wake umekwisha bila kuhuishwa. Akanitaka nitafute muuguzi mwengine haraka na nieleze kwa maandishi yaliyotokea.

Alasiri ile ile nilikwenda mkahawani. Hakuwepo. Nilimuuliza Bi Sudha, mwenye mkahawa, kama anamjua Hina Merali. Akasema, "Sista Hina? Mke wake. Amefariki mwaka jana. Tangu hapo ndo mzee anashinda hapa." Nilimuuliza kama Bwana Merali aliwahi kuwa muuguzi. Bi Sudha alicheka kidogo. "Zahid? Alikuwa anauza vitambaa."

Ningeweza kuja polisi moja kwa moja. Nilitaka kwanza kujua kwa nini. Mtu hadai pesa, hamgusi mtu, hana anachopata. Bi Sudha alinielekeza nyumbani kwake, Kenton.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Kabla sijasalimu akasema, "Umejua." Akanikaribisha, nikakataa kukaa.

Nilimuuliza, "Kwa nini?"

Alisema mkewe kwa miaka mingi alikuwa akirudi kutoka kazini, yeye anamtilia chai, mkewe anamhadithia. Majina hakuyataja, mambo tu. "Mimi namuuliza, yeye anafikiri. Baadhi ya siku tulikuwa tunagombana juu ya mgonjwa nisiyemjua. Alipokufa, sista, nyumba hii ilinyamaza." Siku moja mkahawani msichana mmoja muuguzi alikuwa analia kwa kukosa mtu wa kukaa naye, na leseni yake inakaribia kwisha. Msichana huyo akamuuliza Bwana Merali kama yeye ni muuguzi. Akasema ndiyo. Habari ya kifo cha mkewe hakuwa ameipeleka barazani, na ada ya usajili ilikuwa bado ikikatwa benki, kwa hiyo namba yake siku hizo ilikuwa bado hai. Nilimuuliza amewatilia sahihi wangapi. Akasema kumi na mmoja, pamoja nami.

Hapo nilikasirika. Nilimwambia miongoni mwetu yumo Plamedi, Mkongomani anayefanya kazi hospitali, ambaye naye Nishma alimwelekeza kwake, na visa yake imeshikamana na leseni, na leseni ikianguka, yeye na watoto wake hawana pa kukaa. Bwana Merali alishika ukuta.

"Hilo sikulijua," akasema.

Nikamwambia, "Hukuuliza."

Hakujitetea. Nilimwambia kesho nitakwenda polisi. Akasema, "Nenda. Usinipunguzie." Nilikuwa nimeshafika getini aliponiita na kuniuliza kama yule mzee wetu bado anaoga. Nilimjibu kuwa anaoga.

Tarehe 4 Novemba nilifika kituoni hapa na kuripoti, nikapangiwa kurudi leo.

Tangu hapo nimekaa na Sista Minal, muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye usajili wake nimeuhakiki. Tulimaliza kabla chai haijapoa. Aliniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Leseni yangu imehuishwa. Plamedi amepewa muda wa kurudia na bado yuko kazini. Habari za wengine sizijui.

Afisa ameniuliza kama nimedhuriwa. Ndiyo, nimedhuriwa. Nilikaribia kuachishwa kazi kwa uongo wa mtu mwengine, na sitaki lipunguzwe hilo. Ameniuliza pia kama Bwana Merali alinipa ushauri wowote wa kitabibu. Hakunipa. Aliniuliza swali tu, na maji ya yule mzee mpaka leo tunayapeleka alasiri.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa niliyoyasema, nami nayakubali kuwa ndiyo ninayoyajua.

Sahihi: M. M. Faki

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Konstebo Hussam Talib, kwa Kiswahili, na kusomwa mbele ya shahidi. Bw. Zahid Merali ameitwa kuhojiwa wiki ijayo. Nimemwelekeza shahidi asizungumze naye wakati uchunguzi unaendelea. Shahidi ameuliza utaendelea kwa muda gani. Nimemjibu kuwa sijui. Ameondoka.