Tairi la Kushoto la Tela Lako

Tata,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Hapa Nyakatuntu hatujambo. Mama amerudi kula vizuri, kahawa ya upande wa juu imeiva, na boti yako imezibwa ule ufa wa ubavuni. Nimetanguliza haya kwa sababu nililo nalo ni zito. Sijui baba aliyekwisha kuzikwa anaambiwaje kwamba alikosea.

Ni habari ya Baba Mdogo Rwegasira na lile tairi.

Hukutaka boti ilale ziwani hata siku moja. Wenzako walizifunga za kwao kwenye matete wakaenda zao nyumbani. Wewe ulitafuta ekseli ya gari bovu, ukachomelea tela, ukawa unaivuta boti kwa pikapu kila ukienda kuvua na kila ukirudi. "Mwizi hangoji giza," ulikuwa ukisema. "Anangoja ugeuze shingo tu." Siku ile uliponunua matairi mapya ya tela, kabla fundi hajayafunga, ulijifungia nami stoo. Ulipasha msumari motoni ukachora msalaba mdogo ndani ya kila tairi, mahali ambapo hapaonekani mpaka litolewe kwenye ringi. Mimi ndiye niliyekushikia. Ukaniambia nisimwambie mtu, hata Mama.

Halafu Baba Mdogo akaazima tela kupeleka ndizi gulioni. Alilirudisha jioni ileile. Wiki haikuisha, tairi la kushoto likapasuka ukiwa kwenye mteremko wa ziwani, tela likalala, boti ikaanguka juu ya mawe. Ulirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, pikapu imenasa palepale na tela. Jumapili yake, watu wakitoka ibadani, ulimwambia mdogo wako mbele ya wote: "Tairi jipya halipasuki hivi. Umenirudishia la mtu mwingine." Akajibu, "Kaka, sikuligusa." Basi. Hamkusemeshana tena. Ulilala hospitalini wiki tatu na tumbo lako, akawa anakuja mpaka mlangoni, anamuuliza Mama hali yako, anaondoka.

Nilikuamini, Tata. Baada ya mazishi alikuja akasema yuko tayari kunisaidia kulitengeneza tela. Nikajiuliza, huyu anataka nini? Nikahamisha funguo za stoo. Alipopita barabarani nikamtazama mpaka apotee kwenye migomba. Mkewe akatuletea ndizi na maharage, nikamwacha Mama ale peke yake. Hata kanisani, akiimba, nilitazama mikono yake.

Mwezi uliopita nikaamua kupata ushahidi. Tela lilikuwa bado nyuma ya stoo ulipolitupa, na tairi lako lililopasuka likiwa bado kwenye ringi, kwa kuwa ulikataza mtu asiliguse. Nilitaka litolewe, ionekane ndani hamna msalaba, kisha niliweke mbele ya wazee wa ukoo. Nikalipeleka Kihanga kwa Nyandwi, fundi pancha. Sikumwambia natafuta nini. Naye pia sikumwamini.

Akalibandua kwa mtarimbo, akalifunua. Msalaba ulikuwepo.

Nilimwambia afute vumbi. Akafuta. Ulikuwepo, Tata, umepinda kidogo upande mmoja, pale mkono wako ulipotetemeka kwa joto la msumari. Nikakaa chini kwenye benchi lake. Nyandwi akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Yeye ndiye aliyenionyesha namba. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Nilihesabu mara mbili. Siku ulipolinunua lilikuwa limeshakaa miaka saba mahali fulani, likipakwa dawa nyeusi ling'ae. Hakuna aliyekubadilishia. Uliuziwa zee. Wewe uliyemchunguza kila mtu hukumchunguza yule muuzaji aliyekukaribisha soda.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa anaanika kahawa. Nilipiga magoti nikamweleza yote, msalaba na namba.

"Alikufa akiamini ni mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Nilitaka kudanganya. Sikuweza.

Aliendelea kugeuza kahawa kwa mguu, taratibu, mpaka akafika mwisho wa turubai. Kisha akasema, "Matairi mengine umeshanunua?"

Tulikwenda pamoja mjini. Duka la kwanza walikuwa wameegemeza matairi, ule upande wenye namba ukielekea ukutani. Niliyageuza moja moja, muuzaji akanuna, tukaondoka. La pili nilikuta ya mwaka huu. Mimi nilikuwa nashika kashata, yale meno ya tairi, nafurahia zilivyo nene, Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Mwanangu, tela halitembei kiasi cha kumaliza kashata. Tairi lake linafia juani, limesimama na mzigo juu." Akachagua magumu, ya kubeba mizigo, yenye uwezo unaozidi uzito wa boti. Nyumbani akaliinua tela juu ya magogo, matairi yasiguse ardhi, akayafunika kwa magunia. Kila tukitoka anapima kwanza upepo wa matairi. Hii ndiyo kazi aliyokuwa anataka kunisaidia tangu mwanzo.

Nimekasirika nawe, Tata. Nakukumbuka kila siku na nimekasirika. Ungemruhusu fundi alitoe lile tairi, dakika kumi tu, ungeugua ukiwa na ndugu yako kando ya kitanda. Nadhani uliogopa kuuona msalaba. Au ndivyo ninavyokushuku sasa. Nisamehe.

Toka tulipokuzika, Baba Mdogo hajafika kaburini. Anasema hakualikwa. Jumapili hii baada ya ibada nitamleta. Mimi nitabaki barabarani, ndani ya pikapu, nimefunga vioo. Atakachokwambia sitauliza, na akikaa mpaka jua lizame nitamngoja.

Pumzika, Tata wangu. Mdogo wako nitamtunza. Nakuahidi hilo.

Binti yako,
Kemilembe