Samaki Walioenda kwa Watawa

Jiap mwanangu,

Wali na mayai vimo chini ya kawa. Anua nguo mapema. ~~Leo hakuna tamthilia.~~ Tazama, ila usome kwanza.

Nisamehe ya asubuhi. Watawa wa Kibudha walipita na mabakuli yao ya sadaka kabla sijapika, nikawapa samaki wa kopo niliowakuta chini ya kitanda chako. Sikujua ni akiba yako ya mafuriko, kama ya wale vijana wa kwenye tamthilia. Ukalia, "Mama, tutakufa njaa, ila thawabu tutakuwa nazo!" Nami nikacheka. Nilikosea.

Ulipokwenda shule nilifungua begi lako la dharura. Nikakuta dawa zangu za presha, miwani yangu na daftari langu la masomo ya jioni. Chako hata kimoja hakimo.

Nikitoka darasani nitaleta makopo mengine. Sweta yako nimeitia begini. Usiitoe.

Mama