Pilau ya Mahafali ya Monika

Dada Milembe,

Mwangaluka. Naandika kwa sababu kwenye simu unakata nikianza tu kusema. Huku Bariadi mvua zimeanza, watu wanapanda pamba, na chuoni wanapaka rangi ukumbi wa mahafali.

Mwanao hajambo. Mwaka mzima nimempakulia chakula kantini, na mwaka mzima kanisalimia kama asiyenijua. Mwezi wa tatu malaria ikamwangusha bwenini. Nimekaa naye hospitali siku tatu, namwosha, namnywesha uji. Nesi akamuuliza, "Huyu ni ndugu yako?" Akajibu, "Hapana, ni mpishi wetu wa chuo." Bakuli la uji nilikuwa nimelishika mimi.

Nilipokueleza ukasema ni utoto. Utoto wa miaka ishirini na mitatu?

Leo unaniita huko Lalago nipike pilau ya sherehe yake. Nitakuja, lakini sipiki. Nitakaa meza ya ndugu, na Monika atapiga magoti anisalimie mbele ya hao wenzake wa chuo. Asipopiga, nitawaeleza mwenyewe ni nani alimwosha.

Mama mdogo wa Monika,
Nyanjige