Umwazime Babu Macho

Mume wangu mdogo,

Chai imo kwenye chupa. Nimekwenda kumchukulia babu yako dawa. Leo runinga inaonyesha filamu za zamani za Hollywood kutwa nzima, usibadilishe stesheni.

Asubuhi ulipomwambia, "Babu, huoni, sasa unaangalia nini?" aligeukia ukutani. Hukujua, mjukuu wangu. Tangu macho yake yaingie giza, mimi hukaa kando yake nikamsimulia: yule mama anavaa kofia, bwana anashuka ngazi. Maneno anayasikia mwenyewe, nyuso ndizo asizoziona.

~~Saa kumi izime, apumzike.~~ Usizime. Kaa naye, umwambie unachokiona. Ukikosea atakusahihisha, filamu hizo zote anazijua kwa moyo. Mwache akusahihishe.

Bibi yako