Kwako Uliyelishusha Gari Mpaka Likakwama Bandani

Mwaka umetimia, Baba, tangu ufumbe macho ukatuachia gari jekundu lisiloweza kutoka bandani.

Wateja wako wa cherehani bado wanakuulizia. Wanasema hawajapata fundi mwingine wa kukunja pindo la suruali likatua pale pale linapotakiwa. Tunawashukuru, tunarudi nyumbani, tunalikuta gari lako limeinamisha pua, na hasira zinatupanda upya.

Nani alikutuma? Gari la mbio la milango miwili, la zamani kuliko ndoa yako, na lilikuwa zima. Wewe ukasema mbele limekaa juu kama suruali inayoonyesha soksi. Fundi gari wako, Kibiriti, alikusihi: "Mzee, injini tumeitoa, gari ni jepesi. Tuirudishe kwanza, ndipo upime." Ukamjibu kwamba ulianza kupima watu yeye hajazaliwa.

Ukawa unakata springi za mbele kidogo kidogo na kupitisha kandambili chini ya bampa. Ikipita, unakata tena. Injini iliporudi, pua ikashuka chini ya usawa wa kizingiti cha zege mlangoni mwa banda. Tulikutazama. Ukafuta mikono, ukasema, "Limekaa vizuri."

Kiti cha pembeni ulimwahidi Mama. Awe wa kwanza, ulisema, asitangulie mtu. Alingoja utafute dawa ya kizingiti, ukaugua, ukaenda zako. Mwaka mzima amekulilia huku anakugombeza.

Juzi Kibiriti alileta springi nyingine, ndefu, alinyanyue. Mama alimzuia mlangoni. "Usiliguse. Mwenyewe alilitaka hivi." Akachukua nyundo, akaanza kukivunja kizingiti kwa mikono yake. Tulimsaidia, tukinung'unika. Zege lako nalo ulilimwaga gumu kupita kiasi, Baba.

Jana mkweo alishika usukani, Mama akakaa pembeni. Gari lilikwaruza kila tuta, na kila likikwaruza Mama alisema, "Umesikia kazi yako? Umesikia?" Alikusema hivyo njia nzima. Tuliporudi alikataa kushuka, akaomba azungushwe tena.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao watatu, mkweo, Kibiriti, na dada yako, ambaye anasisitiza tuandike kwamba alikuonya.

Hatutakusahau, Baba. Matuta hayaturuhusu.